Mlango Namba Ishirini na Mbili

Siku Okeny alipomvunja Kamis mkono, mlango ulioleta balaa lote lile haukuwa na bawaba, wala komeo, wala ubao wa kubishia hodi. Ulikuwa mlango wa mashine. Lakini ungemwambia nani? Mwanamume akishashika rungu haulizi mlango ni wa mbao au wa nini.

Mizigo ya Mama Docus, kama vyumba vya kupanga vinavyoitwa Kampala, iko bondeni Namuwongo, karibu na reli: vyumba ishirini na sita, safu mbili zinazotazamana, katikati mfereji wa maji machafu na kamba za kuanikia nguo. Kila chumba kina namba yake ya rangi nyekundu juu ya mlango, na ukikaa pale mwezi mmoja tu jina lako linasahaulika. "Saba leo amelewa." "Kamwombe Kumi na Nne chumvi." Okeny na mkewe Adyero walikuwa Tisa. Kamis, kijana wa Kinubi aliyetengeneza redio na televisheni kibarazani, na ambaye posa yake kwa Lailah, binti wa Kibuli, ilikuwa imeshapokewa, alikaa na mama yake katika Ishirini na Mbili.

Okeny alikuwa mwanajeshi zamani. Siku hizi alilinda ghala usiku, akarudi asubuhi na kulala mchana kutwa nyuma ya pazia la maua lililokigawa chumba. Akiwa mpole alisema Kiacholi, lugha yao wote wawili. Hasira ikimpanda alihamia Kiswahili cha kambini, na Adyero alishajifunza kusikiliza lugha kabla ya kusikiliza maneno. Likitoka neno la kwanza la Kiswahili, aliondoa vyombo vya udongo mezani.

Kwa hiyo lilikuwa jambo geni kwake, na tamu, kwamba Kiswahili hichohicho sasa kilikuwa kinamtafutia kazi. Kampuni moja ya Nairobi inayokatia watu tiketi za basi kwenye simu ilikuwa inatafuta mtu wa kuitunzia mitambo. Msimamizi wao, Hamim, alimpa mtihani: aanzishe mashine, aingie ndani yake, apandishe mfumo wa tiketi, na saa kumi jioni uwe unafanya kazi. Ukifanya kazi, anaajiriwa. Usipofanya, kuna wengine kumi na wawili kwenye orodha.

Mashine yenyewe huioni. Ni kompyuta ya kukodi, imo ndani ya jengo la watu nchi nyingine, na wewe unazungumza nayo kwa mtandao. Inawaka, inakutoza kwa saa, uwe umeingia au hujaingia. Siku unayoikodi unapewa ufunguo, na ufunguo huo ni faili: nusu inakaa kwenye mashine, nusu inakaa kwako. Ukipoteza nusu yako umebaki nje. Na milango yake ina namba. Ule wa kuingilia fundi ni wa ishirini na mbili, dunia nzima.

Adyero hakuchagua namba hiyo. Angechagua nyingine yoyote.

*

Ilikuwa saa sita mchana. Alikaa kwenye kimeza karibu na mlango, laptopu mbele yake, vidude vya simu masikioni, sauti ameibana kooni ili asimwamshe mumewe. Kwa nusu saa alikuwa anajaribu kuingia na mashine haijibu kitu. Haikatai, haikubali, kimya tu.

"Dada, mlango ishirini na mbili umefungua?" Hamim akamuuliza kutoka Nairobi.

Adyero akatazama, akajipiga paji la uso. Alikuwa ameianzisha mashine akasahau kuifungulia mlango.

"Hamim, ishirini na mbili nimefungua sasa," akanong'ona.

"Usiwafungulie watu wote lakini. Wezi wanazunguka huko usiku na mchana wakijaribu vitasa."

"Hapana, si watu wote. Mimi peke yangu."

"Na ufunguo uko salama? Hujampa mtu?"

"Ufunguo ninao mimi. Sijampa mtu."

"Mbona unanong'ona?"

"Mume wangu amelala."

"Pole. Haya, ingia."

"Naingia."

Akabonyeza. Safari hii mashine ikajibu, na jibu lake la kwanza lilikuwa swali. Ilimwambia kwa Kiingereza kwamba hawajuani, ikampa alama zake za kujitambulisha, ikamuuliza kama ana hakika anataka kuendelea. Adyero akaandika herufi moja ya mwanzo ya ndiyo, akitegemea mashine imalizie yenyewe. Ikakataa. Ikamwambia aandike neno zima, ndiyo au hapana.

Alicheka kwa pua. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumdai neno zima. Wazee walipokuja kumposa walimuuliza kama anamkubali Okeny, akaguna "mm", wakapiga vigelegele. Mara tatu tangu hapo Okeny amempiga mpaka watu wakaingilia, na mara tatu wakwe wamekaa wakamuuliza kama ameyamaliza. "Mm." Kwa watu wake, kama kwa Kampala nzima, mguno wa mwanamke ni ndiyo, na hakuna anayeuliza mara ya pili.

Akaandika neno zima. Mashine ikamfungulia.

"Nimeingia!" Furaha ilimponyoka, sauti ikapanda kidogo. "Hamim, nimeingia! Asante, asante sana!"

Sasa ondoa maneno ya Hamim. Baki na ya Adyero peke yake, uyasikie ukiwa umelala nyuma ya pazia, umelinda ghala la mtu usiku kucha, na una moyo wa Okeny. Na ujue kwamba Hamim likinong'onwa halitofautiani sana na Kamis.

*

"Wewe. Simama."

Neno la kwanza, Kiswahili. Adyero akageuka. Okeny alikuwa amesimama mbele ya pazia na kaptula tu, mkanda umeshazungushwa mkononi, lile bizimu la chuma likining'inia.

"Nani hiyo?"

"Bosi wa Nairobi. Ile kazi niliyokuambia…"

"Bosi ya Nairobi nakaa Ishirini na Mbili?"

Adyero hakuelewa upesi. Ndilo kosa lake la siku ile, kama lazima tumpe kosa: alikawia kuelewa. Alipoelewa, kicheko kilimjia usoni kabla hofu haijafika, na Okeny akakiona. Bizimu likampata juu ya jicho. Pigo la pili likampata sikioni, kidude cha simu kikaruka. Alianguka na kiti, na mkanda ukamfuata chini, mgongoni, mikononi, shingoni, bila haraka. Okeny alipiga kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Mimi nalala, wewe nafungua mulango? Mimi iko mujinga?"

"Mlango wa mashine! Okeny, ni wa kompyuta!"

"Funguo ya Kamis iko wapi? Wewe nasema iko nayo. Toa funguo!"

"Imo ndani ya laptopu!"

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoiua laptopu. Okeny akaiinua akaigeuza juu chini, akaitikisa kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kibubu. Akatikisa tena. Ufunguo haukuanguka. Akaipiga kwenye mwimo wa mlango, kioo kikapasuka, akaitupa sakafuni. Simu akaikanyaga kwa kisigino mara mbili. Halafu akachukua rungu lake la ulinzi kutoka nyuma ya mlango, akatoka pekupeku.

Adyero alitaka kupiga kelele ya kumwonya Kamis. Alifungua kinywa, damu ikamjaa.

*

Kamis alikuwa amekaa kibarazani na televisheni ya mtu imefunguliwa mapajani, bisibisi mdomoni. Aliinua macho, akatabasamu, kwa sababu Tisa na Ishirini na Mbili walikuwa wanasalimiana kila siku. Akainua mkono wa kulia amsalimu.

Rungu likaufikia palepale hewani. Wote waliokuwa kando ya mfereji wakifua walisikia mfupa. Wengine mpaka leo wanasema sauti ile haiwatoki masikioni. Rungu la pili lilikuwa la kichwa, lakini Kamis alishaanguka na televisheni, likavunja nguzo ya kibaraza.

"Banange! Anaua mutu!" Mama Docus, mwenye nyumba, akapiga mayowe. "Watu wa Namuwongo, anauria mutu kwa nyumba yangu!"

Mama yake Kamis, Zulaika, alitoka na kikapu alichokuwa anasuka bado mkononi, akajilaza juu ya mwanawe mzimamzima. Akasema "Nipige mimi," kwa sauti ya chini sana. Okeny akasita. Kusita huko ndiko kulikomponza, maana vijana wa bodaboda walishafika kutoka stejini, kituo chao, sita au saba. Walimwangusha. Wakampiga mateke ya mbavu, mmoja akampiga mdomoni kwa kofia yake ya pikipiki, wakamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo, na nguo zenyewe zikasambaa kwenye maji machafu.

Adyero aliyaona akiwa ameshikilia ukuta, jicho moja limefumba. Alifurahi. Kila teke lilimfurahisha, na hakuona haya, na mimi simwonei haya.

"Muulizeni mke yangu!" Okeny akapiga kelele kutoka chini, meno mekundu. "Yeye nasema na mdomo yake! Ishirini na Mbili!"

Watu wote wakamgeukia Adyero. Wanawake wenye mapovu mikononi, vijana wa bodaboda, mwenyekiti wa mtaa mzee Abdul-Karim aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na kitabu chake kwapani. Mwenyekiti akauliza, akimwita bibi kwa Kiganda, "Nyabo, ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

Mguno ukapita safu mbili za vyumba.

"Ni mlango wa kompyuta," Adyero akasema. "Kompyuta ina milango. Ndiyo namba yake."

"Kompyuta ina murango?" Mama Docus akashika kiuno. "Mirango mingapi?"

Angenyamaza. Lakini alikuwa ameulizwa jambo analolijua, na siku ile hakuna aliyekuwa amemuuliza jambo analolijua.

"Elfu sitini na tano, na kitu."

Kicheko kikalipuka. Kulikuwa na mtu chini amevunjika mkono na mwingine amefungwa kamba, na watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Elfu sitini na tano!" "Banange, na yote anafungua!" Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza kama bado kuna mmoja wa kwake. Adyero aliona kwamba mkanda haukumuuma kama kicheko kile. Mwanamke mmoja aliyemwazima sabuni asubuhi alikuwa anacheka pia.

Ni Zulaika peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa ameufunga mkono wa mwanawe kwa leso na ubao wa televisheni.

"Huyu mtoto amechumbia," akasema. "Haya maneno yatafika Kibuli kabla ya laasiri. Binti, kama huo mlango upo, nionyeshe. Kama haupo, Mungu atakulipa."

"Mama, amevunja laptopu. Ufunguo umo humo."

Kamis alifungua macho. Uso wake ulikuwa wa kijivu, jasho linamtiririka, wakimsubiria gari la kumpandisha hospitali ya Nsambya.

"Ilete hapa," akasema.

Wakaileta. Kioo kilikuwa utando wa nyufa, cheusi tii. Kamis akaisogeza kwenye sikio lake kwa mkono mzima, akasikiliza kama anavyosikiliza redio za watu.

"Feni inazunguka. Skrini tu ndiyo imekufa." Akameza mate. "Waya wa kuunganishia uko kwenye boksi la buluu, mama. Waifunge kwa TV yetu." Halafu akazimia, na gari likafika.

Zulaika alimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. "Nitamfuata," akamwambia Adyero. "Kwanza tusafishe jina lake. Kalibu, ingia." Alikuwa Mnubi anayesema Kiswahili kizuri, lakini miaka mingi kati ya Waganda ilimharibia neno hilo moja tu.

Hivyo ndivyo Adyero alivyoingia Ishirini na Mbili, mara yake ya kwanza, mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima.

*

Saa nane na nusu. Mlango uliachwa wazi makusudi, watu wakajazana mpaka dirishani. Okeny walimkalisha kibarazani akiwa na kamba zake, mgongo kwenye ukuta, mahali ambapo angesikia kila kitu apende asipende.

Televisheni ya Zulaika ikawaka na maandishi ya Adyero, meupe juu ya weusi, makubwa kama ya dukani. Alitumia simu ya Zulaika kwa mtandao. Akajaribu kuingia. Kimya. Akajaribu tena. Nje mtu akacheka, "Iko wapi?" Kidole kimoja kilikuwa kimevimba hakipindi, na jicho zima lilikuwa linamwaga machozi ambayo si ya kulia. Kama hataingia, amepoteza kazi, na Kamis amepoteza mchumba, na yeye atabaki yule wa milango elfu sitini na tano mpaka afe.

Namba ya Hamim ilikuwa kwenye barua pepe. Akampigia kwa simu ya Zulaika, na kabla hajasema neno akaiwekea spika, sauti yote, akaiweka juu ya televisheni.

"Dada Adyero! Umepotelea wapi? Nimekupigia mara ishirini."

"Mume wangu amenipiga na kuvunja vitu," Adyero akasema. Hakunong'ona. "Sasa niko kwa simu ya jirani. Mashine hainijibu."

"Pole sana, dada. Uko salama?"

"Niko na watu. Mashine hainijibu, Hamim."

"Simu imebadilika, kwa hiyo mashine haikujui tena. Mlango ulimfungulia yule wa zamani. Ingia kwenye ukurasa wa kampuni uliyokodi, ufungue ishirini na mbili kwa simu hii mpya."

Wanawake mlangoni wakatazamana. Maneno yaleyale, lakini sasa yalikuwa na pande mbili.

Adyero akafungua ukurasa, akaandika kwa vidole tisa. "Hamim, ishirini na mbili nimefungua," akasema kwa sauti, ifike kibarazani.

"Ingia."

Akabonyeza. Mistari ikashuka kwenye televisheni, mmoja baada ya mwingine, na mwisho mashine ikamsalimia na kusubiri amri.

"Nimeingia," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Docus alijifunika mdomo kwa ncha ya gomesi, gauni lake la Kiganda. Zulaika alisogea, akagusa kioo cha televisheni kwa kidole, pale penye namba.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huu, mama."

"Kwa ajili ya hiki kitu," Zulaika akasema, akatoka kibarazani, akamtemea Okeny mate usoni. Kisha akajifunga leso na kwenda Nsambya kwa mwanawe.

Adyero hakugeuka. Alikuwa na saa moja na robo. Alipandisha mfumo wa tiketi sehemu kwa sehemu, watu wakiwa wamechuchumaa nyuma yake wasielewe kitu na wasiondoke, mmoja akimkanda kidole kwa maji ya chumvi. Saa kumi kasoro dakika nane Hamim alikata tiketi ya majaribio, Nairobi kwenda Kampala, kiti cha dirishani. Ikatoka.

"Umefaulu, dada. Jumatatu tunaanza. Tafadhali, uende hospitali."

*

Mzee Abdul-Karim alitaka yaishe kabla ya magharibi. Polisi wakija, alisema, mtaa unaharibikiwa jina. Akawakusanya kibarazani, akafungua kitabu chake juu ya goti. Okeny atalipia mkono wa Kamis mpaka upone. Okeny atapiga magoti mbele ya Zulaika. Okeny atapelekwa na mwenyekiti mwenyewe Kibuli, aseme mbele ya wazee wa Lailah kwamba alisikia vibaya.

Okeny alikubali yote, kichwa chini. Halafu akamtazama mkewe, na akasema naye Kiacholi, kile laini, cha siku za posa. Alimwomba msamaha. Alisema usingizi ulikuwa umemlevya. Alimuuliza kwa nini hakumweleza vizuri.

"Nilikueleza," Adyero akasema, kwa Kiswahili.

"Mwanamke mwenye akili husamehe," mwenyekiti akaingilia. Mama Docus akaitikia, na wengine wakaitikia, kwa moyo safi kabisa, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na watu walitaka kupika. "Nyabo, makosa yameonekana. Unakubali kuendelea na bwana wako?"

Kalamu yake ilikuwa imeshaanza kwenda. Adyero, aliyekuwa amesimama begani pake, aliyasoma maneno yakitoka moja moja kwa mwandiko wa shule ya zamani: *Mke amekubali kuendel…* Hakuwa bado amefungua kinywa. Mguno ulikuwa umeshamfika kooni, wenyewe, kwa mazoea, na ulikuwa mwepesi, na kila mtu pale alikuwa anausubiri.

Akaumeza.

"Hapana," akasema.

Mzee Abdul-Karim akainua kalamu. "Unasemaje?"

"Neno zima, mwenyekiti. Hapana. Futa hapo, uliandike."

Alikiinamia kitabu kile, jicho moja limefumba na damu imemkaukia shingoni, mpaka mzee akafuta na kuandika.